Bahasha Iliyopigwa Muhuri

Siku ya kupimwa ufundishaji wake, mwalimu wa mazoezi, mwanachuo wa ualimu, alishika pasi kabla hajanawa uso. Nguo aliyoipiga pasi haikuwa yake. Ilikuwa sketi ya wifi yake, ile ya marinda ishirini na mbili, na kila rinda lilidai heshima zake. Wifi mwenyewe alikuwa kitandani na kikombe cha chai, akiongoza kazi kwa kidevu: hapo bado, hapo rudia, angalia usiniunguzie. Sketi haikuwa na pa kwenda siku hiyo, wala mwenye sketi. Lakini ilikuwa lazima inyooke kwanza ndipo daftari la maandalio ya masomo litoke chini ya mto, na bila daftari hakuna mwalimu.

Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa ikiendeshwa kwa wiki saba. Wifi alimaliza sekondari miaka mitatu nyuma na tangu hapo hakushika kazi nyingine zaidi ya simu, ila alikuwa na mwandiko wa kumtoa nyoka pangoni. Herufi zake zilisimama wima, zimechana nywele, zimefunga vifungo. Mtaani walimwita Katibu. Wao walikuwa wakimtania, yeye akaona amepewa cheo.

Mke wa kaka yake, yule mwalimu, alikuwa kinyume chake. Kichwa chake kilinasa kila kilichosemwa, na macho yake yaligombana na kila kilichoandikwa. Akifungua kitabu, mistari ilikimbizana kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Chuoni mkufunzi wa saikolojia alimkalisha chini, akampa majaribio asubuhi nzima, kisha akamwambia kwamba huo si uvivu wala hajarogwa. Hali hiyo inaitwa disleksia, na wenye nayo ni wengi, wengine ni maprofesa. Habari zilipofika nyumbani, mama mkwe aliuliza ni ugonjwa gani huo usio na homa wala kikohozi, na kwa nini umchague mtu wakati wa kazi ya kalamu tu, usimpate wakati wa kula.

Basi wakagawana kazi. Jioni mwalimu alitamka andalio la somo, hatua kwa hatua, na Katibu akaandika. Asubuhi mume, ambaye ni fundi viatu, alimsomea mara mbili huku akipanga kalibu na gundi zake, na likishaingia kichwani halitoki. Mume hakudai kitu. Dada yake ndiye aliyedai: kufuliwa, kupigiwa pasi, kusukwa nywele kila Jumamosi, na kuitikiwa "abee" akiita, hata kama anaita ili aletewe kijiko kilichopo miguuni pake.

Mwalimu aliitikia. Mwaka uliotangulia alifeli mazoezi kwa sababu mpimaji alimtaka anakili ukurasa mzima ubaoni, naye akafika mstari wa nne kengele ikalia. Kanuni ya chuo ni fupi hata yeye aliisoma bila kupumzika: ukifeli mara mbili unafunga sanduku. Hii ilikuwa mara ya pili.

Asubuhi hiyo, sketi ikiwa imenyooka na daftari limetoka, mume alisoma mpaka chini kabisa, akasita.

"Hapa pameandikwa, 'Somo limefundishwa vizuri na wanafunzi wote wameelewa.' Mbona hujafundisha?"

Mwalimu aliweka pasi chini. Sehemu ile huitwa tathmini, akaeleza, nayo hujazwa baada ya kipindi, ukishajua nani kaelewa na nani kabaki njiani. Alikuwa amemwomba wifi aiache wazi.

"Niiache wazi, mgeni aseme mwandishi alilala?" alisema Katibu. "Nimetazama madaftari ya walimu wenzako uliyoniletea. Wote wamejaza mpaka Ijumaa, na leo Jumatano. Usitake kuwa mwema kuliko kanisa na msikiti."

Kwa hilo Katibu hakusema uongo. Shuleni pale Jumatatu asubuhi kila daftari lilikuwa limeshafundisha wiki nzima. Ilikuwa amri ya mwalimu mkuu: mgeni asikute pengo. Kwa hiyo vipindi vyote vilifaulu, pamoja na vya mwalimu wa sayansi aliyekuwa nyumbani wiki mbili anauguza mgongo. Kama watoto wangeelewa kwa kiasi walichoandikiwa kuelewa, shule ingefungwa kwa kukosa cha kufundisha.

"Twende mbele," mume alisema, akamwangalia mkewe akirudia andalio lote kwa kichwa, hatua, dakika, maswali, bila kuacha hata moja. Akatikisa kichwa. "Kichwa hiki kingekuwa kiatu, ningemrudishia mwenyewe. Hakina pa kushona."

Mama mkwe alimsindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba mkwe wake ni mwalimu, hata muuza mkaa alimwita mama wa mwalimu, na hakutaka kurudi kuwa mama wa fundi viatu.

"Nenda mwanangu," alisema. "Usinitie aibu, nimeshasema kwa watu."

*

Mpimaji alifika saa tatu, mkufunzi mfupi mwenye mkoba mkubwa, mtu wa kufuta kiti kabla ya kukikalia na kukitazama tena baada ya kuinuka. Aliwahi kusema kwenye mkutano kwamba katika miaka ishirini na sita ya kazi hajawahi kuamini jambo ambalo halikuandikwa, na watu wakapiga makofi, nayo makofi hayo yakaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Mwalimu mkuu alimpokea kwa mikono miwili. Mkuu huyu alikuwa na tabia moja iliyompa raha kazini: muhuri. Ulikuwa muhuri wa mbao, umeandikwa IMEONWA, na kidude chake cha tarehe kilikwama miaka miwili nyuma, siku moja ya mwezi wa tatu, hakijasogea tena. Kila karatasi iliyofika mezani aliigonga. Maandalio aliyagonga, barua za wazazi alizigonga, na siku moja aligonga risiti ya sabuni. Akishagonga, kazi imekwisha. Karatasi inahamia chini ya birika la chai katika ofisi ya walimu, ambako hukaa mpaka iote mduara wa kahawia.

Mpimaji alifunua daftari la mwalimu wa mazoezi, akatulia. Akainua miwani. Akasema tangu aanze kupima hajaona mwandiko wa namna ile, na kwamba kizazi hiki kimeharibiwa na simu lakini hapa amekuta mtu. Mwalimu mkuu alikubali kwa kichwa kama baba wa bibi arusi. Tathmini ya somo ambalo halijafundishwa waliipita wote wawili kama wanaoruka dimbwi walilolizoea.

Somo lilikuwa hesabu za sehemu, darasa la nne, watoto arobaini na mmoja. Mwalimu wa mazoezi hakugusa chaki. Alitoa kamba ya katani yenye urefu wa darasa, akawapa watoto wanane waishike, akaikunja mara mbili, akauliza kila mmoja ana kiasi gani, akaikunja tena. Watoto walibishana. Kuna msichana alisema robo ni kubwa kuliko nusu kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili, na badala ya kumwambia kaa chini, mwalimu alimpa robo ya kamba na mwenzake akampa nusu, akawaambia wapimane wenyewe. Darasa likacheka, msichana akacheka, akasema, "Kumbe kadiri unavyogawa ndivyo unavyopunjwa." Mpimaji aliandika hilo.

Dakika tano za mwisho alifunga kamba.

"Ambaye bado hajaelewa anyooshe mkono," alisema. "Hapa kwangu hacheki mtu na haoni aibu mtu. Nikijua ni nani, kesho najua pa kuanzia."

Mikono kumi na mitano ilipanda. Katika shule ile, jambo hilo lilikuwa halijaonekana. Mpimaji aliihesabu kwa ncha ya kalamu, mara mbili.

*

Tathmini ya mpimaji ilifanyika ofisi ya walimu, mbele ya kila mtu, maana mwalimu mkuu alitaka wengine wajifunze, na wengine walitaka chai. Mpimaji alimsifu kwa dakika kumi. Sauti, kumi juu ya kumi. Zana, kumi juu ya kumi. Mwandiko, angetoa kumi na mbili kama fomu ingeruhusu. Kulikuwa na dosari moja ndogo tu, isiyostahili hata kutajwa, ila yeye ni mtu wa maandishi. Daftari linasema wanafunzi wote wameelewa, na yeye amehesabu mikono kumi na mitano.

"Kata hapo," alisema akimsogezea daftari na kalamu yake mwenyewe, "uandike sentensi mbili za ukweli, utie sahihi, tumalize."

Ndani ya mkoba wa mwalimu kulikuwa na plasta. Ilikuwa hirizi yake ya miaka mingi. Akiombwa kuandika mbele za watu, huenda msalani, hurudi na kidole kimefungwa, husema ameumia, na mtu mwenye huruma humwandikia. Mwaka uliopita kidole kimoja kiliumia mara kumi na moja. Aliipapasa plasta ile. Halafu akaona mikono kumi na mitano hewani, ya watoto aliowaambia haoni aibu mtu, na wamemwamini, maskini. Akatoa mkono mkobani mtupu, akashika kalamu.

Aliandika kwa dakika tisa. Mwanzoni walimu waliendelea na chai. Dakika ya tatu vijiko vilinyamaza. Dakika ya tano mwalimu wa sayansi, yule wa mgongo, aliyerudi kazini siku hiyo kwa ajili ya mgeni, alinyanyuka kitini kuchungulia, na mgongo haukumuuma hata kidogo.

"Mwalimu," alisema, "hao ni kuku wamepita, au unatuandikia dawa kama daktari?"

Ofisi ikacheka. Mwalimu aliendelea. Alipomaliza palikuwa na maneno haya, mengine yamepinda, mengine yamepandana: wanafunzi 41, walioelewa 26, wasioelewa 15, kesho narudia kwa kamba. Nadhani ndiyo tathmini ya kwanza ya kweli kuandikwa katika jengo lile tangu lipigwe bati. Hakuna aliyeliona hilo. Waliona herufi.

Mpimaji alitazama juu ya ukurasa, akatazama chini ya ukurasa. Askari waliochana nywele huku, walevi waliotoka matangani kule.

"Hiki cha juu kaandika nani?"

"Wifi yangu. Mimi nimesema, yeye ameandika."

"Kumbe nimemsifu wifi yako."

"Kwa mwandiko, umemsifu yeye. Somo ni langu."

Mpimaji aliivua miwani. Alikuwa amejeruhiwa, kwa maana alishampenda yule mwandishi. Akaanza kuuliza huku sauti ikipanda: mwalimu asiyeweza kuandika atamfundisha nani kuandika, na chuo kiliwezaje kumleta mtu kama huyu bila kusema neno.

"Chuo kilisema," mwalimu alijibu. "Siku ya kwanza nilikabidhi barua kwa mwalimu mkuu, mkononi. Akaniambia ameiona."

Macho yote yakahamia kwa mwalimu mkuu. Mkuu alisema hakumbuki barua, barua ni nyingi, kisha akakumbuka kidogo, kisha akainua birika. Chini yake palikuwa na rundo. Alipekua kuanzia juu: mwaliko wa mkutano uliopita, malalamiko ya mzazi, orodha ya madawati, risiti ya sabuni. Chini kabisa palikuwa na bahasha ndefu ya chuo. Ilikuwa na mduara wa chai, ilikuwa na IMEONWA katikati pamoja na ile tarehe ya miaka miwili nyuma, wakati mwalimu huyu hajajaza hata fomu ya kuomba chuo. Na gundi ya bahasha ilikuwa haijaguswa.

Mpimaji aliichana mwenyewe, akasoma kimya. Chuo kilieleza hali ya mwanachuo wake, kikasema anaruhusiwa kuandikiwa na mtu mwingine andalio analolitamka, na kwamba apimwe kwa anavyofundisha. Sahihi, simu, kila kitu. Wiki saba mwanamke yule alipiga pasi marinda kwa siri, akiamini kwamba mkuu aliisoma barua akaikataa kwa kunyamaza, kumbe ruhusa yake ilikuwa chini ya birika inapashwa moto.

Hapo mtu mwingine angemwomba radhi. Mpimaji aliomba chai.

"Jambo ni jepesi," alisema alipokwisha kunywa. "Barua kama ilifika siku ya kwanza, mwandishi wako ni halali, na alama zangu zinabaki. Kama ilifika juzi au jana, basi uliandikiwa bila ruhusa, na udanganyifu alama yake ni sifuri. Nilichokiona ni bahasha chini ya rundo. Lakini mimi sitoi alama kwa macho. Nataka maelezo ya maandishi, yametiwa sahihi na pande zote mbili. Kesho saa nne naondoka."

"Utayapata," alisema mwalimu mkuu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

*

Nyumbani habari ilipokelewa na kila mtu kwa mfuko wake. Mama mkwe alijishika kiuno, akauliza kama muuza mkaa ameshasikia. Wifi aliuliza kama ametajwa. Alipoambiwa ametajwa kama mtu wa udanganyifu, alisonya, akasema wema wake umemponza. Alipoambiwa kwamba barua ya chuo inamtambua kama mwandishi halali, alinyoosha mgongo, akataka kujua kama barua inataja posho.

Mume alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na kiatu cha mtu magotini, misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja.

"Kesho atakupa karatasi aliyoiandika yeye," alisema. "Anajua husomi haraka. Atakwambia mgeni anachelewa, tia sahihi hapa. Wewe usisaini usichosoma."

"Nikisoma nitamaliza kesho kutwa."

"Maliza kesho kutwa. Mimi nashikilia viatu vya watu siku nne, wanapita pekupeku wananisalimu kwa adabu. Hajafa mtu."

Katibu akaona mlango wa biashara. Alisema atakwenda naye shuleni, atamsomea papo hapo, kwa sauti na vituo vyake, mbele ya hao waliodhani wanajua kusoma. Hakuwa na masharti mengi. Sketi iendelee hata mazoezi yakiisha, na nywele ziwe mara mbili kwa wiki.

Mwalimu aliinuka. Pasi ilikuwa pale juu ya kabati. Akaishusha, akaizungushia waya wake taratibu, akamwekea mapajani.

"Ahsante, wifi," alisema. "Kesho naenda na macho yangu mwenyewe, hayo hayo mabovu. Marinda huanza na la kushoto."

Mama mkwe alijifanya anakohoa. Mume alirudisha misumari mdomoni ili asicheke.

*

Saa tatu na nusu asubuhi walikuwa watatu ofisini kwa mwalimu mkuu: mkuu nyuma ya meza, mpimaji kwenye kiti alichokifuta, mkoba magotini, na mwalimu wa mazoezi amesimama na kamba yake begani, maana kipindi kilichofuata alikuwa na darasa la nne. Karatasi ilikuwa tayari. Ilikuwa ndefu, imebanwa, mstari juu ya mstari kama abiria. Sahihi ya mkuu ilikuwa imekwisha kujitupa pale chini kwa mbwembwe. Pembeni yake palikuwa na nafasi na kialama cha penseli.

"Ni yale yale ya jana," mkuu alisema akimpa kalamu. "Tia sahihi hapo, mgeni wetu asichelewe."

"Nitaisoma kwanza."

"Ni yale yale."

"Basi hayatanisumbua."

Akavuta kiti akaketi. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Na kwa kuwa yeye hawezi kusoma kimya, maneno yasipopita masikioni hayakai, alisoma kwa sauti.

Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Neno, kituo, neno, kurudi nyuma, neno. Mahali pengine alivunja neno vipande vinne akaliunga tena. Kwa dakika tano za kwanza mwalimu mkuu alivumilia. Dakika ya sita aliangalia saa ya ukutani, akaangalia yake, akasema kwa upole kwamba anaweza kumsaidia kusoma. Mwalimu alimshukuru, akarudi kwenye mstari alioupoteza kwa sababu ya msaada huo, akauanza upya. Mpimaji alikuwa ameshafungua mkoba ili aufunge kwa kishindo. Akauacha wazi.

"Mi... mimi mwalimu wa ma... mazoezi," mwalimu alisoma, "na... nakiri kwamba barua ya chuo... nili... nilimka... nilimkabidhi..."

Kidole kilisimama. Kikarudi. Nje mwalimu wa zamu alikuwa akiwafokea watoto waliochelewa kuingia darasani.

"...nilimkabidhi mwalimu mkuu... ja... jana... asu... asubuhi."

Uongo ukisomwa haraka hupita kama gari la wakubwa, unabaki na vumbi. Huu ulipita kwa miguu, umebeba mzigo, unasimama kila mlango kuomba maji. Hakuna namna ambayo mpimaji asingeuona sura. Mwalimu hakuinua kichwa. Aliendelea mpaka mwisho, maana mume alisema asome yote: nakiri kuchelewesha, naomba radhi kwa usumbufu, natamka haya kwa hiari yangu. Dakika ishirini na mbili kamili.

Mwalimu mkuu alikuwa amepata jasho juu ya mdomo. Alisema huenda palitokea makosa ya uandishi. Akasema jana na siku zile ni lugha tu. Akasema maandishi ya namna hii duniani kote hayasomwi hivyo, yanasainiwa.

Mwalimu wa mazoezi aliweka kalamu chini. Akanyoosha mkono mezani, akachukua muhuri, akauhemea kwanza, kama alivyomwona mwenyewe akifanya wiki saba, kisha akaugonga kwenye ile nafasi yenye kialama cha penseli. IMEONWA, mwezi wa tatu, miaka miwili nyuma. Akamsogezea karatasi yake.

"Hujasaini," mkuu alisema.

"Nimeiona, Mwalimu Mkuu."

Mpimaji alikohoa kikohozi kilichoanza kama kicheko kikarekebishwa njiani. Hakumkaripia mkuu, wala hakumwomba mwanamke radhi kwa yale ya jana. Hakuwa mtu wa kusema. Alitoa fomu yake, akafuta meza kwa leso, akaandika. Kwenye alama alijaza sabini na moja. Kumi za mwandiko alizifuta, kwa sababu hata haki ina uchoyo wake, lakini hamsini ndiyo inayotakiwa. Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu, namba tu, naye namba hazikuwahi kumkimbia. Sabini na moja. Alishika kamba begani kwa mikono miwili ili mikono ipate kazi.

Kisha mpimaji akashuka chini ya fomu, penye maoni kuhusu shule, akaandika mistari mitatu midogo, taratibu, kwa furaha ya mtu aliyefika nyumbani. Akampa mwalimu mkuu fomu.

"Ukishasoma, pigia muhuri," alisema.

Mwalimu wa mazoezi alikuwa upande wa pili wa meza. Aliinamisha kichwa, akaanza kuisoma ile mistari ikiwa imempa kisogo, herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Uongozi. Wa. Shule. Hauso...

Alikuwa bado kwenye neno hilo la nne muhuri ulipogonga.

Mwalimu mkuu alipuliza wino ukauke, akaikunja fomu, akairudisha kwa mikono miwili, akamtakia mgeni safari njema. Akauliza kama hatasubiri chai.

Kengele ya kipindi ililia. Mwalimu aliomba ruhusa akatoka, kamba ikimburuza mkia nyuma kwenye sakafu ya korido. Darasa la nne walikuwa wameshasikia hatua zake. Kumi na watano walikuwa mbele, wamehamia wenyewe, wanabishana nani ashike ncha.